Mama Plamedie Wawili

Alama ilikuwa upande wa ndani wa kioo.

Joëlle aliifuta kwa kitambaa chenye maji. Akaifuta kwa pindo la kitenge chake, akapuliza pumzi na kufuta tena. Kiganja kidogo cha mtoto, vidole vyote vimetanuka, kilibaki palepale chini ya kioo cha skana, mahali ambapo mkono hauwezi kufika mpaka mashine ifunguliwe kwa bisibisi.

Hakutaka kulifikiria sana. Skana ilikuwa zawadi, tena imetoka kwa mtu asiye na kitu.

Joëlle alikuwa na kazi ndogo ya kuandikia watu barua katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mtaa wa Nyakasanza. Alikuwa na kompyuta ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, pamoja na printa ya rika lake. Mzee Alphonse, aliyekimbia vita kutoka kijiji cha Fataki, alikuja kwake kuandikisha karatasi ya misa ya marehemu mke wake. Mzee akiwa amekaa kusubiri, jirani mmoja aliita toka njiani, "Mama Plamedie! Umeamukaje?" na Joëlle akaitika.

Mzee aligeuka taratibu. "Weye ni Mama Plamedie?"

"Ndiyo, papa. Plamedie njo ule, anacheza na viatu ya baba yake."

"Siye pia tulikuwa na Plamedie." Alimtazama mtoto kwa muda mrefu. "Alitutangulia. Mama yake hakuacha kumuita. Aliita, aliita, mpaka naye akaenda."

Kesho yake alirudi amebeba skana ndani ya blanketi. Ndiyo mashine iliyompatia mke wake riziki kule Fataki. Alikataa hata soda. "Ikae kwa Mama Plamedie mwingine," alisema, na Joëlle akalia kwa jinsi mzee yule alivyokuwa amelikunja lile blanketi vizuri, kama watu wanavyomfunika mtoto.

Baada ya hapo mzee alihamia upande wa Aveba, na simu yake haikupatikana tena.

Aliyekuja kuiunganisha alikuwa Gauthier, fundi wa kompyuta, kijana mwenye maneno mengi. Kompyuta ilikuwa na tundu moja tu kubwa kwa nyuma, la printa. Aliingiza waya wa skana pale, kisha akaiunganisha printa nyuma ya skana. Taa ya skana ikatembea chini ya kioo, lakini printa ikanyamaza. Alipogeuza, printa ikasema na skana ikafa. Kwenye skrini kukatokea alama ya njano.

"Ni conflit, Mama Plamedie. Vitu viwili vinagombana."

"Conflit mpaka mu ordinateur?" Joëlle aliinyooshea kompyuta kidole. "Basi tuite ba ONG, bale ba mashirika ya amani, batufanyie séminaire!"

Gauthier alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Sikia. Kila kitu kiko na namba yake ya kuitiwa. Hivi viwili vimepewa namba moja. Ordinateur ikiita, vyote vinaitika, njo inasikia kile chenye nguvu tu. Kile kingine, hata kilalamike, ni kama hakiko."

"Na dawa yake?"

"Tunabadilisha namba ya kimoja. Kikikataa, kimoja kitoke."

Hapo skana ikalia peke yake, zzziii, taa ikapita chini ya kifuniko bila mtu kuigusa. Plamedie, aliyekuwa anachezea kisanduku sakafuni, akainua kichwa. "Yee, mama?"

"Sijakuita, mwanangu," alisema Joëlle.

Mtoto alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anatazama skana.

Siku zilizofuata nyumba ilianza kunuka maziwa, maziwa ya ng'ombe yaliyokamuliwa sasa hivi, na kwa Joëlle hakukuwa na maziwa hata ya unga. Siku moja aliporudi kutoka bombani na ndoo yake, alimkuta Plamedie amesukwa nywele vizuri, mistari imenyooka. Akafurahi. Alikwenda kwa jirani kumshukuru.

"Mi?" jirani alishangaa. "Leo nilishinda soko, dada. Muulize mwingine."

Hakukuwa na mwingine. Mume wake Anaclet alikuwa amekwenda kununua ng'ombe na hakuwa amerudi. Joëlle alisimama mlangoni na kutazama zile nywele, na jambo lililomtia hofu ni kwamba zilisukwa kwa upendo, bila kukaza, kama anavyosuka mtu aliyeisubiri kazi hiyo kwa muda mrefu.

Kisha ikaja siku ya barabara. Plamedie alitoka mbio kuelekea nyumbani, akaingia mbele ya pikipiki, na Joëlle akapiga kelele, "Plamedie! Simama!" Watu wote waligeuka. Mtoto hakugeuka. Mwendesha pikipiki alijitupa mzima mzima mferejini ili asimgonge, akainuka na goti linalovuja damu, na badala ya kutukana akamshika mtoto mkono, akamuuliza kwa upole, "Mutoto, hausikie mama anakuita?"

"Ninasikia," alijibu Plamedie. "Mama alisema nikuje."

Muuguzi alimpima masikio, akasema hayana neno. Mtoto alimsikia muuguzi, aliwasikia majirani, aliwasikia kuku chini ya kitanda. Ila Joëlle akisema, mtoto aliendelea kucheza kama vile ni upepo tu umepita.

"Badilisha ile namba," Joëlle alimwambia Gauthier, akimshika mkono wa shati. "Leo. Nakuomba."

Gauthier alibadilisha. Alizima, akawasha, namba ikarudi ileile. Aliifuta skana kabisa kwenye orodha ya vifaa. Kompyuta ilipoamka, skana ilikuwa imejiandika upya, na safari hii ni printa iliyokuwa imetoweka, jina lake halipo, kama vile haijawahi kuwamo. Hakucheka tena. Kiganja kilichokuwa katikati ya kioo sasa kilikuwa kimesogea ukingoni, upande ambao Plamedie alizoea kukaa.

"Mama Plamedie..." alianza Gauthier.

"Yee," aliitika Joëlle, na palepale skana nayo ikalia, zzziii.

Walitazamana. Ndipo Joëlle alipoelewa. Jina lilikuwa moja. Mzee wa watu, kwa moyo wake mwema, alikuwa ameileta ndani ya nyumba sauti ya mke wake aliyekufa akimwita mtoto, akaiweka mahali ambapo kuna mtoto wa kuitika.

Mama Débora, mwombezi wa kanisani, alikuja na chumvi na mafuta, akaacha viatu nje. Aliomba mchana kutwa huku mvua ikilifanya anga kuwa jeusi. Kisha akanong'ona, "Tumubadilishe mutoto jina. Tumuite Merveille. Ule akiita Plamedie, asipate mutu."

Walimwita Merveille. Mtoto hakujua ni nani anayeitwa. Katika chumba cha mbele, skana ikalia mara moja tu, polepole, na Plamedie akasema, "Niko hapa, mama. Hawa bamama banaita mutoto mwingine."

Mama Débora aliinama, akamfunga Joëlle kitenge kilichokuwa kimelegea, akamfuta uso kwa kiganja chake. Hakuwa na jambo lingine la kumpa. "Hiki kitu kitoke mu nyumba," alisema. "Nitakibeba mimi mwenyewe." Na kweli alikibeba kichwani, kwenye mvua, mwanamke wa umri ule, mpaka kwenye stoo ya kanisa.

Printa ilirudi. Harufu ya maziwa ikaisha. Joëlle alichuchumaa mbele ya binti yake, akafungua mikono, na mtoto akapita pembeni yake kama mtu anavyopita pembeni ya kiti, akaenda kuangalia nyuma ya mlango, na chini ya meza, na ndani ya sanduku la nguo, akiita "Mama! Mama!" kwa sauti ya mtu aliyepotezwa sokoni, na kila Joëlle alipojibu "Niko hapa, niko hapa, mwanangu, nitazame", kilio kilizidi, na uji aliomlisha aliutema, na maji aliyompa yalimwagika kwenye kidevu, mpaka mwili wake ukawaka homa na midomo ikapasuka, na jirani aliyemlisha kwa mkono wake alirudisha kijiko akilia naye, akisema, "Anauliza mama yake iko wapi. Nimujibu nini, dada?"

Joëlle alijifunika kitenge, akaenda kanisani, akaomba apewe kile kitu. Mama Débora alimtazama, akatoa ufunguo bila kuuliza.

Alikiunganisha mwenyewe. Taa ilipopita, mtoto alinyamaza kulia. Maziwa yakanukia. Alikunywa uji wote, akikishika kijiko mwenyewe, akimtazama mtu aliyeketi mahali ambapo Joëlle hakuona kitu. Homa ikashuka mbele ya macho ya Joëlle. Mtoto alikuwa salama. Alikuwa anatunzwa vizuri, hilo Joëlle hakuweza kulikana.

Alisogea mpaka karibu na skana, akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye kifuniko kilichokuwa na joto kama ngozi.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo. "Nimekuachia. Nakuomba kitu kimoja. Umuambie kama mama yake anamupenda. Mimi. Joëlle. Umuambie tu."

Taa ikapita, zzziii, taratibu, kutoka ukingo mmoja wa kioo hadi mwingine. Yule mama mwingine alikuwa na huruma; alikuwa amefikisha ujumbe.

Plamedie alisikiliza hadi mwisho, kichwa amekiinamisha upande. Akatazama chumba chote, ukuta kwa ukuta, na macho yake yakapita juu ya uso wa Joëlle bila kusimama.

"Joëlle?" alimuuliza mama yake, akiigeukia skana. "Huyo ni nani?"