Nusu ya Jibu

Siku ya soko Isebania, lori lilipita na upepo wake ukapeperusha karatasi zote mikononi mwa Damaris. Kijana mmoja mwenye shati la samawati lililonyooshwa vizuri alizifukuza mpaka mlangoni mwa duka la simu. Akasoma moja: aliyekimbia hatari kwao ana haki ya kuomba hifadhi.

"Kumbe ni wewe unatuongezea kazi mahakamani," akamtania.

Aliitwa Werema, mkalimani. Damaris aliona haya, akamwambia tu kwamba kikundi chao cha kanisa husindikiza wakimbizi kortini. Basi kila jioni simu ikawa inaita, Werema akimwita kwa Kijaluo binti wa Homa Bay: "Nyar Homa Bay, umekula?" Naye hucheka kabla hajajibu.

Ndipo ikaja kesi ya Nadine, mjane kutoka Burundi, aliyeshtakiwa kwa kuingia nchini bila kibali. Damaris alikaa benchi la nyuma akamsikia akijibu kwa Kiswahili cha taratibu: ni kweli alivuka, ila aliwakimbia waliomuua mumewe, na anaomba hifadhi. Kesi zilikuwa nyingi, na hakimu, ameinamia faili, alisubiri Kiingereza tu cha kuandika. Werema, kama walivyozoea wakalimani siku za msongamano, alimpa hakimu kipande kimoja tu kwa Kiingereza: ni kweli. Ikaandikwa kwamba amekiri. Ijumaa angehukumiwa na kurudishwa kwao.

Damaris aliacha simu iite mara sita. Ya saba akapokea.

"Mpenzi, ndivyo tunavyofanya kila siku."

"Hicho ndicho kinachoniogopesha," akasema, akakata.

Ijumaa, kabla hukumu haijasomwa, Werema alisimama.

"Mheshimiwa, jibu la huyu mama nililileta nusu. Naomba nilitafsiri lote."

Hakimu alimkemea mbele ya watu, kisha akasikiliza. Kukiri kule kukafutwa, Nadine akaelekezwa kwa maafisa wa wakimbizi. Werema naye akatolewa kwenye ukalimani, akapelekwa masjala kupanga mafaili.

Damaris alimkuta nje, tai imening'inia mfukoni.

"Mafaili hayasemi," Werema alisema. "Labda tutaelewana."

Damaris alicheka, ingawa hakutaka. Werema akamwomba Jumamosi wafuatane Homa Bay, ana neno la kumwambia mama yake Damaris.

"Mama anajua Kijaluo tu."

"Basi nimekwisha."

"Nitakutafsiria." Akamkung'uta vumbi begani, polepole. "Na nitasema yote, Werema. Hata pale utakapokosea."