Kioo cha Kulia

Saa tatu asubuhi, foleni ya duka la vifaa ilikuwa imefika barabarani. Mtu wa mbele kabisa alikuwa mwanamke aliyeomba nyundo na patasi. Alivaa gauni la kijani lenye mifuko miwili mikubwa, na futi ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni.

"Patasi ya mbao au ya chuma?" muuzaji aliuliza.

"Ya kukatia bolti zilizoshika kutu. Za pikipiki."

Nyuma yake mtu alicheka. Alikuwa mwanamume mrefu, ovaroli yake safi mgongoni na nyeusi magotini.

"Dada, usifanye hivyo. Utavunja kichwa, mwili ubaki ndani, halafu uje kunitafuta ukilia."

"Nikutafute wewe kama nani?"

"Kama fundi."

"Mafundi nawajua, hata mimi ni fundi. Nguo ya Ijumaa mteja anaipata Jumatano inayofuata."

"Basi tumeshaelewana. Umeanza na bolti gani?"

"Kioo cha pembeni, cha kulia. Wiki nzima nakilegeza, hakitoki."

Fundi aliuliza ni pikipiki ya aina gani. Alipojibiwa, akatabasamu. "Umekizungusha upande gani?"

"Kushoto. Kulia kukaza, kushoto kulegeza. Nani hajui?"

"Kwenye aina hiyo, kioo cha kulia hufungwa kinyume. Ukikizungusha kushoto unakikaza. Wiki nzima, bibie, ulikuwa unakikaza."

Foleni ikaangua kicheko. Mshonaji alijaribu kukasirika, akashindwa, akafunika mdomo kwa ncha ya futi. Patasi haikununuliwa.

Pikipiki ilikuwa ya mumewe. Miaka miwili kabla, mto ulijaa ghafla naye akiwa darajani. Maji yalipopungua, pikipiki ilikutwa kwenye tope. Mwenyewe hakupatikana. Tangu hapo ilisimama katika chumba cha chini cha nyumba aliyoishi mshonaji pamoja na mama mkwe wake. Magurudumu yalikuwa yameshikana kwa kutu, haisukumiki; kama ingetoka, ingetoka vipande vipande.

"Ikitoka, na mimi nitaweza kutoka," alimwambia fundi walipokuwa wakitembea kuelekea nyumbani. "Huwezi kuanza maisha mengine huku chini ya kitanda chako kuna pikipiki ya mtu."

"Mama yake anasemaje?"

"Amekubali. Kwa mdomo."

Chumba kilikuwa na sakafu ya saruji, dirisha moja lenye nondo, na mlango wa kufuli lenye ufunguo mmoja uliotundikwa ukutani sebuleni. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu, lakini chumba kilinuka tope bichi. Fundi aliinusa harufu hiyo, akapiga magoti kando ya pikipiki.

Alifanya kazi kwa utaratibu wake. Alisugua kila bolti kwa brashi ya waya, akaidondoshea oili iliyochanganywa na dizeli, akaigonga taratibu, kisha akasubiri. Kabla ya kushika spana, alichora mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma cha pembeni, ili bolti ikisogea mstari ukatike na jicho lione.

"Unaipaka wanja?" mshonaji aliuliza, sinia la chai mkononi.

"Kutu haipigwi, inabembelezwa. Kama watu fulani."

"Watu fulani hawana kutu."

"Bado sijakagua."

Jioni ile mistari yote ilikuwa imekatika. Hata kioo kilikuwa kimezunguka nusu, kuelekea kulia, kama alivyosema. Aliziacha bolti zinywe oili usiku kucha.

Kesho yake mistari ilikuwa imeungana.

Fundi alidhani amekosea, ingawa hakuwa mtu wa kukosea kitu kama hicho. Alizilegeza tena. Kesho yake tena, zimekazwa. Wakati huohuo simu zilikuwa zimeanza, asubuhi na mchana.

"Umeamka, Bi Futi?"

"Nimeamka, nashona. Wewe?"

"Nimeamka, nakuwaza. Nimevaa viatu viwili visivyofanana."

"Njoo hivyo hivyo, mpenzi. Nitakushonea soksi zinazolingana na kila kimoja."

Neno "mpenzi" lilimtoka kabla hajalipima. Hakulirudisha.

Lakini mistari iliendelea kuungana, na fundi alijua kwamba chuma hakijikazi. Siku moja mchana alipiga simu, na sauti yake haikuwa na utani.

"Nikuulize kitu. Bado unamsubiri?"

"Nani?"

"Unajua nani. Ninachofungua mchana, mtu anakifunga nikiondoka. Kama hutaki pikipiki ivunjwe, niambie. Usinichezee."

Upande wa pili cherehani ilinyamaza.

"Mimi nikuchezee? Kazi ya siku mbili umeigeuza ya wiki mbili, chai yangu unakunywa, chapati zangu unakula. Mistari unachora wewe, spana ni zako. Nani anamchezea nani?"

"Unasema nakaza mwenyewe?"

"Nasema fundi asiyetaka kazi iishe anajulikana."

Fundi alikata simu. Siku iliyofuata hakuja, wala ya pili yake. Mshonaji alishona suruali ya mteja, akaunganisha mguu wa kushoto mahali pa kulia, akaifumua yote.

Siku ya tatu alasiri uzi mweusi ulimwishia. Alitoka kwenda dukani, akakumbuka pochi, akarudi. Ufunguo haukuwepo ukutani. Kutoka chini ilisikika sauti ya chuma kikilalamika.

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kando ya pikipiki. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga tu. Mkono wa kushoto ulipapasa injini hadi ukapata kichwa cha bolti, mkono wa kulia ukaweka spana, akavuta kwa uzito wa mwili wake wote.

"Mama!"

Mzee hakushtuka. "Nilikuwa namshikia mwanangu tochi alipokuwa anajifunza ufundi. Kulia kukaza, kushoto kulegeza. Ndicho ninachokijua."

"Kwa nini, mama?"

"Akirudi akaikuta vipande vipande, ataniuliza nilikuwa wapi."

Mshonaji aliketi sakafuni karibu naye. Kisha akatoa simu.

"Njoo," alisema. "Nilikukosea. Na wewe ulinikosea. Njoo tugawane."

Fundi alifika na viatu vinavyofanana. Aliinama mbele ya mzee. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayemfungua mwanangu?"

"Naifungua pikipiki, mama. Yeye simgusi."

Mzee alifikiri. Kisha akamnyooshea spana. "Na huyu binti? Nimemzuia miaka miwili. Ukimchukua, mimi utaniacha na nani?"

"Nyumba yangu ina vyumba viwili na varanda, mama. Siji kumchukua mmoja." Alimgeukia mshonaji. "Kama atakubali. Niliwaza kuuliza nikiwa nimevaa vizuri zaidi."

"Ovaroli inakupendeza," mshonaji alisema. "Nakubali. Lakini nitaipunguza kiunoni."

Mzee alicheka kwa mara ya kwanza katika nyumba ile tangu mafuriko.

Ndipo fundi akakagua mistari. Bolti za injini na za magurudumu zilikuwa zimepita alama kwa upana wa ukucha, kama inavyokuwa mtu akikaza kwa nguvu bila kuona. Kwenye kioo cha kulia mstari ulikuwa umeungana sawasawa, kama haujawahi kukatika.

"Mama, kioo hiki ulikizungusha upande gani?"

"Kioo? Kioo sijakigusa. Bolti tu."

Angekigusa, kwa anachokijua, angekizungusha kulia, nacho kingelegea. Mshonaji alimtazama fundi. Huyo alikuwa hajashuka chumbani tangu wagombane hadi leo, na kufuli halikuwa na alama ya kuvunjwa. Fundi alijaribu kukilegeza kwa mkono, kisha kwa spana. Kilikataa. Hakukilazimisha. Bolti nyingine alizifungua zote jioni ile, akazipanga juu ya gazeti, na mara hii hakuchora mstari wowote.

Asubuhi mshonaji alikagua chumba, akafunga kufuli, akatia ufunguo katika mfuko wa gauni la kijani. Wote watatu wakaenda kliniki ya macho, mzee katikati, amewashika mikono. Daktari alimpangia siku ya upasuaji. Walirudi mchana, jua kali, barabara kavu. Kufuli lilikuwa kama lilivyoachwa.

Bolti zilikuwa juu ya gazeti, hakuna iliyosogea. Kioo cha kulia kilikuwa kimetoka, kimelazwa juu ya kiti, uso juu. Kutu ilikuwa imeisha kwenye shina lake, na shina lilikuwa limelowa.

"Mbona mmesimama?" mzee aliuliza. "Kuna nini?"

Mshonaji aliushika mkono wake, akauweka juu ya kioo. Mzee alikipapasa polepole, ukingo wote, kisha shina. Alinusa vidole vyake: tope bichi. Akakiinua kwa mikono miwili, akamkabidhi fundi.