Glasi Iliyorudi Birikani

Jumamosi, saa za watu kujaza majokofu yao, duka kubwa la Wakorea pale Annandale hufurika mpaka vitoroli vinagombana njia. Flaviana aliingia kununua bamia tu. Bamia hazikununuliwa siku ile.

Kwenye mboga za majani alimkuta mwanamume mrefu, mweusi tititi, amevaa kanzu ya manjano yenye kofia ya mgongoni na tarbushi nyekundu kichwani. Anachukua fungu la majani, analinusa, anafumba macho, analirudisha. Anachukua jingine, ananusa, anarudisha. Mama mmoja wa Kikorea alikuwa amesimama kando akingoja, na uso wa mtu aliye kwenye foleni ya benki.

Flaviana alizaliwa na udadisi jinsi wengine wanavyozaliwa na kipara. Shuleni Kibosho alimuuliza padri, mbele ya darasa zima, kama malaika hunyoa. Sasa amefika Marekani kusoma uhasibu katika chuo cha hapo hapo Annandale, na dawa ya ugonjwa wake haijapatikana.

"Jamani," alisema kwa sauti, maana Kiswahili ugenini ni kama chumba chako, unavua viatu upendavyo. "Huyu naye ananusa majani kama mbuzi aliyesoma."

"Mbuzi aliyesoma hanusi, dada," tarbushi ikajibu bila kugeuka. "Anasoma lebo."

Flaviana akageukia viazi na kuvikagua kana kwamba kuna kimoja atakachoolewa nacho.

"Shikamoo," akasema hatimaye, kwa kukosa la kusema.

"Shikamoo? Mimi nina miaka ishirini na sita! Unanizeesha mbele ya Wakorea?"

"Nimeisalimia kofia. Wewe nani amekusalimia?"

Yule bwana akacheka, na kicheko chake kilikuwa kirefu kuliko yeye mwenyewe. Anaitwa Lusekelo, mtoto wa Tukuyu, kwenye mashamba ya chai. Kazi yake ni kumimina chai katika mgahawa wa Mmoroko mmoja kule Arlington, Mzee Driss. Kanzu na tarbushi ni sare ya kazi.

"Kwa hiyo wateja wanadhani wewe ni Mmoroko?"

"Wakiniuliza, nasema natoka Afrika, upande wa chai. Nimedanganya?"

"Mmoroko wa Tukuyu! Na hayo majani?"

"Nanaa. Nyie wa mlimani, maana lafudhi yako imekutaja, mnaiita minti. Hebu." Akakikunja kikonyo kimoja na kumsogezea puani. Harufu ilipanda moja kwa moja mpaka nyuma ya macho, baridi na tamu kwa pamoja, akapiga chafya.

"Umeona? Ikikupigisha chafya ni nzima. Hili ndilo fungu langu."

"Kwa nini umechagua lenye bua gumu na si laini? Kwa nini msitumie chai ya vifuko? Na hiyo kanzu, ina mifuko?"

"Moja nitakujibu leo: kanzu ina mifuko. Mengine mawili yanadai namba ya simu."

Akapewa. Si kwamba Flaviana ni mwepesi wa kutoa namba. Ni kwamba asingelala bila kujua habari za lile bua.

Basi simu zikaanza. Flaviana alipiga kutoka kibanda cha simu cha chuoni, Lusekelo akipokea jikoni huku masufuria yakigongana nyuma yake.

"Luse wangu, maji yanachemka kiasi gani?"

"Hujanisalimia, mpenzi. Hujauliza nimekula nini. Unanipenda mimi au unaipenda chai?"

"Sijui bado. Chai sijaionja."

"Ee Mungu, nimependwa kwa mkopo! Sikiliza, chai haifundishwi kwa simu. Tukionana, hatua moja. Tukionana tena, hatua nyingine."

"Hiyo ni rushwa."

"Ndiyo. Vaa ile sketi ya bluu."

Hatua ya kwanza aliifundishwa mahali pa kufulia nguo kwa sarafu, wamekaa mbele ya mashine inayozungusha mashati yao. Majani ya chai hii, Lusekelo alieleza, ni ya kijani, yameviringwa kama punje za pilipili manga. Unayatia maji ya moto kidogo, unayamimina maji yale pembeni, unayatunza. Ndiyo roho ya chai. Kisha unatia maji mengine, unasukasuka, hayo unayamwaga, maana yamebeba uchungu na vumbi.

"Ya kwanza unatunza, ya pili unamwaga," alisema Flaviana akitazama povu likizunguka. "Mama yangu angekuchapa. Kwetu unaanza na maziwa."

Sukari na nanaa alifundishwa ndani ya basi. Bonge la sukari linatiwa birikani pamoja na roho iliyotunzwa, na nanaa tele, na maji yanayotokota, kisha birika linawekwa juu ya moto mdogo. Kijiko marufuku, kinavunja majani na chai inachafuka. Kumimina kwa juu akafundishwa kwenye ngazi ya umeme ya stesheni ya Rosslyn, ile ndefu inayokupa muda wa kutubu dhambi. Lusekelo alisimama kidato cha juu yake, mkono hewani, akimimina hewa tupu kwenye kiganja cha Flaviana kilichokuwa chini.

"Chai inapenda kuanguka. Ikianguka mbali inatoa povu. Glasi isiyo na povu ni maji ya kuoshea."

"Halafu?"

"Halafu kuna hatua moja ya mwisho."

"Ipi?"

"Hiyo nakuwekea. Utaiona kwa macho yako siku nitakapokwenda kwa Anti yako."

Flaviana alimfinya, akambembeleza, akamnunia mpaka stesheni ya Ballston. Wapi! Lusekelo alizidi kucheka. Siri ile ilikuwa utani wake mtamu kuliko yote, na ndiyo iliyomtia mashakani.

Anti Bilha ni mke wa marehemu mjomba wake Flaviana, Mluhya wa Kakamega, muuguzi, anakaa Hyattsville, na sauti yake ni kengele ya shule. Baba yake Flaviana alikwishasema kwa simu kutoka Kibosho: "Huko Marekani Bilha ndiye macho yangu. Akimkubali kijana, nimemkubali. Akimkataa, usinipigie kunieleza."

Kwa hiyo Jumapili ile, baada ya kanisa, Lusekelo alipokanyaga zulia la Hyattsville akiwa na suti ya kijivu na kikapu chenye birika na glasi ndogo za maua, hakuwa anakuja kunywa chai. Alikuwa amekuja kupewa mke au kunyimwa. Anti alikuwa amekaa kwenye kiti chake kikubwa, amevaa gauni la zambarau na kilemba cha kufanana. Pembeni yake alikuwepo shoga yake wa kanisani, Mama Sikujua, Mkongomani wa Bukavu, kitenge chake kimejaa kochi zima, na Flaviana amebaki kusimama mlangoni mwa jikoni.

"Nimeambiwa unajua chai," alisema Anti. "Haya. Tuone."

Lusekelo akaingia jikoni, akatoka na birika linalofuka. Sebule nzima ikanukia. Akasimama wima kama yuko kazini, akanyamaza kama yuko kazini, akanyanyua mkono mpaka usawa wa sikio. Chai ikashuka, uzi mwembamba wa dhahabu, ikatua kwenye glasi iliyokuwa mbele ya Anti bila tone kupotea. Povu likapanda.

"Aki, si hii ni maajabu!" Anti alisema, uso umelainika. Akanyoosha mkono.

Lusekelo akaichukua ile glasi mbele ya vidole vyake na kuimwaga yote birikani.

Mkono wa Anti ulikuwa bado hewani.

"Kijana. Umenipa, halafu umeninyang'anya?"

Lusekelo alidhani anataniwa. Akatabasamu, akamimina tena kwenye glasi ile ile, na tena akairudisha birikani.

"Eeh! Bilha!" Mama Sikujua akapiga makofi. "Ile kijana amekupokonya chai mara mbili, vraiment, kweli kabisa!"

Anti akasimama. "Kwetu, chakula kikishawekwa mbele ya mtu hakirudi kwa sufuria. Hata mbwa hatumfanyii hivyo. Na wewe unanifanyia kwa nyumba yangu, mbele ya mgeni wangu, ukicheka? Nenda. Mimi sina msichana wa kukupatia."

Kule nje, kwenye maegesho, Flaviana alimfikia anafungua mlango wa gari.

"Kwa nini hukumweleza?"

"Mmiminaji haongei mezani. Ndivyo Mzee Driss alivyonifunza."

"Pale si mezani kwa Driss, Luse! Pale ni posa!"

"Na wewe mbona ulikaa kimya? Neno moja tu, Flavi. Moja!"

"Neno gani? Ningejuaje? Hatua hiyo uliifungia kabatini ili unichezee!"

Lusekelo akatazama viatu vyake. "Nilitaka uione mwenyewe ndipo ujue."

"Nimeiona. Na bado sijajua."

"Driss anafungua mgahawa Chicago. Ananitaka kule. Nilimwambia nitamjibu nikishatoka kwa Anti yako."

"Basi si umeshatoka?" alisema Flaviana. Lilikuwa neno la hasira, la kurushwa tu, lakini alipotaka kulidaka gari lilikuwa limekwishawaka.

Wiki ile Flaviana alisimama kwenye kibanda cha simu mara nyingi, sarafu mkononi, akapiga, akapokea mtu mwingine, akakata. Lusekelo naye alipiga kwa Flaviana, Annandale, akaisikia mashine ikimwambia aache ujumbe, akaiachia pumzi tu. Watu wawili wenye midomo mirefu namna ile, wamekosa la kusema! Ungewachapa.

Jumapili iliyofuata Flaviana alikwenda Hyattsville kama kawaida. Anti alimpokea na amri.

"Birika lake liko jikoni kwangu na pakiti yake ya majani na ile nyasi yake. Toa."

Flaviana akalishika birika. Nanaa ilikuwa imeanza kunyauka. Angeweza kuvitia vyote kikapuni. Badala yake akajikuta anateleka maji. Ile glasi ilikuwa inamwasha kichwani kama upupu. Mtu mpole, anayefungulia mlango hata paka, kwa nini amrudishie mama wa watu chai yake? Mara mbili?

Akafanya yote. Akatunza ya kwanza, akamwaga ya pili, akatia sukari na nanaa, akasubiri. Kijiko hakugusa. Akapanga glasi zote alizoachiwa na kumimina mfululizo, glasi baada ya glasi, bila kurudisha kitu. Nusu ikamwagikia meza.

Anti alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Kwani unafanya nini?"

"Onja hii, Anti."

Anti akaonja ya kwanza, uso ukakunjamana. "Woi! Chungu kama kwinini!"

"Na hii ya mwisho."

"Hii ni sukari tupu! Unataka nipate kisukari?"

Flaviana akasimama na birika mkononi, mdomo wazi. Sukari ilikuwa imelala chini muda wote. Kijiko hakiruhusiwi. Sasa ipandeje? Akamimina glasi moja kutoka juu, akairudisha. Akamimina, akairudisha. Kisha akamimina ya tatu na kumpa.

Anti akanywa. Akanywa tena.

"Kwa hivyo," alisema polepole, "yule kijana alikuwa anakoroga?"

"Alikuwa anakoroga, Anti."

"Bila kijiko."

"Bila kijiko. Ile glasi ya kwanza ni mbaya. Hakutaka kukupa mbaya."

Anti alitazama dirishani kama mtu anayetafuta mahali pa kuiweka aibu. Halafu akaanza kucheka, kidogo kidogo, kilemba kikitikisika. "Na Sikujua ameshaambia kanisa lote! Leta simu."

"Anti, nini sasa?"

"Leta simu, nimesema." Akabonyeza namba aliyotajiwa. "Hallo? Nipe yule Mmoroko wenu mwenye anatoka Tanzania... Lusekelo? Ni mimi, mwenye ulinyima chai."

"Shikamoo Anti, naomba unisa..."

"Ngoja. Mimi nauliza, wewe unajibu. Ungenipa ile glasi ya kwanza ingekuwaje?"

"Ningekuwa nimekudharau, Anti. Ya kwanza ni ya birika."

"Na mdomo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naogopa, Anti. Nikiogopa nafanya kama niko kazini."

"Flaviana ameniambia habari za Chicago. Umejibu?"

"Mzee anataka jibu leo jioni."

"Usijibu mtu mpaka nifike."

Walifika Arlington mgahawa haujafunguliwa, jua la alasiri limelala kwenye mito ya kukalia ya rangi rangi. Anti bado alikuwa na gauni la kanisani, Flaviana na sketi yake ya bluu iliyolowa chai mapajani. Lusekelo akaja na birika, na safari hii akaongea tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa haraka, jasho likimtoka chini ya tarbushi: hii narudisha ili sukari ipande, Anti, usinielewe vibaya, na hii pia narudisha, niwie radhi, sasa naonja mimi kwanza, haya, hii ndiyo yako.

Anti akanywa glasi nzima, akaiweka mezani. "Sema chenye ulikuja kusema Jumapili ile."

"Anti, namtaka Flaviana. Chicago aende mwingine. Kama umenikubali."

"Baba yake nitampigia mimi. Mimi nimekubali."

"Na mimi?" Flaviana akauliza. "Mbona sijaona aliyeniuliza?"

Lusekelo akamgeukia. "Flavi. Utanioa... yaani, nitakuoa... utakubali?"

"Nitakubali," alisema, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Lakini kaa chini. Tangu nikujue, kila penye chai wewe umesimama. Kaa hapa."

Mzee Driss, aliyekuwa anafuta vioo, akageuza mgongo akaendelea kufuta kioo kilichokwisha kutakata. Lusekelo akakaa kwenye mto, magoti yamepanda mpaka kidevuni, hajui mikono aiweke wapi. Flaviana akalichukua birika kutoka kwake, akanyanyua mkono juu kadiri alivyothubutu, akammiminia mumewe mtarajiwa. Povu halikutoka hata chembe, na robo ya chai iliishia kwenye kanzu. Lusekelo akainywa yote.