Mkanda wa Mama Nyigu

Siku ilianza kama siku nyingine. Fundi alikuwa kibarazani kwenye cherehani yake, anapachika zipu kwenye sketi ya mwalimu, mwanawe wa miezi miwili kalala chumbani. Mtoto alizaliwa na kilo nne na ushee, ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Bonge. Wifi yake akaja, akavuta kigoda, akamkodolea tumbo.

"Wifi, Bonge si katoka? Au ulimbakiza mwenzake?"

"Nicheke au nikuchome sindano?"

"Cheka tu. Ona wenzio wanavyojitunza." Akamsogezea simu.

Kwenye simu alikuwepo yule mwanamke anayejiita Mama Nyigu. Kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa na siku kumi na mbili tangu ajifungue, na tumbo bapa kama meza ya kupigia pasi. Mashavu yanameta. Vifundo vya mikono vina vishimo, kama vya mtoto mchanga. Maelfu ya watu walikuwa wakimmwagia sifa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mtoto mwenyewe yuko wapi. Fundi naye hakuuliza. Alilitazama tumbo lake lililolegea, akaona haya, kana kwamba kuzaa ni wizi.

Wifi akamwagizia mkanda wa kubana tumbo, ule anaouuza Mama Nyigu. Ulifika siku ya tatu, rangi ya ngozi, laini mpaka unatia kinyaa. Ulikuja na masharti: uvaliwe bila nguo ndani, hata wakati wa kunyonyesha, usifuliwe, na siku ya arobaini urudishwe kwa mwenyewe.

"Mkanda uliotumika, tena una jasho langu, anautakia nini?"

"Wewe vaa, acha upelelezi."

Akavaa. Wiki ya kwanza tu, kiuno hicho! Kila asubuhi alijipiga picha mbele ya kioo, akaituma kwenye kundi la Mama Nyigu, na mioyo myekundu ikamiminika. Alikaa kuihesabu huku Bonge ananyonya akilia, analia akinyonya.

Wiki ya pili mkanda ukaanza kumpwaya. Mwingine angeubana kwa pini, yakaisha. Lakini fundi ni fundi. Akauvua, akaulaza chini ya sindano ili aupunguze inchi moja kila upande. Sindano ilipotoboa, Bonge akapiga yowe chumbani.

Akasimamisha cherehani. Kimya.

Akakanyaga tena. Yowe.

"Njaa tu hiyo," akajiambia, akaumalizia mshono. Uzi ulitoka na unyevu.

Siku ya kliniki, nesi alimtumbukiza Bonge kwenye suruali ya kupimia, akaining'iniza kwenye mzani, akasoma mara mbili.

"Dada, mwezi uliopita huyu alikuwa na kilo tano na nusu. Leo ana nne na gramu mia sita. Unamlisha nini?"

"Maziwa yangu tu."

Nesi akamtazama kiuno. "Naona wewe umependeza," akasema, wala hakutabasamu. "Akiendelea hivi, wiki ijayo usimlete hapa. Mpeleke hospitali, kama atafika."

Ngozi ya mapaja ya Bonge ilikuwa inaning'inia kama soksi za mtu mzima.

Fundi alirudi nyumbani mbio. Jua la saa nane lilikuwa linawaka uani, wifi anaanua nguo. Akauvua mkanda, akaushika mkononi, na kwa mara ya kwanza akaona uzito wake. Ulikuwa mzito kama kuku aliyenyonyolewa. Akachukua wembe wa kufumulia, akakata uzi wa kwanza.

Ukatoka mvuke.

Ndani hamkuwa na sponji wala mpira. Mlikuwa na mafuta. Mafuta ya njano, ya uvuguvugu, yananuka maziwa yaliyochacha. Yameota vinyweleo laini, vile vya mgongo wa kichanga. Na katikati palikuwa na sehemu moja inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama utosi.

Wifi akaziba mdomo. Simu ya fundi ikaita papo hapo. Ujumbe wa sauti. Mama Nyigu, ananong'ona.

"Shoga, mbona umefungua? Ulikuwa karibu kujaa."

Hawakuwa wamemwambia mtu.

Fundi akautupa mkanda kwenye jiko la mkaa. Mafuta yakachuruzika, yakachachatika. Na harufu, laana ya harufu ile, ilikuwa tamu. Tamu ya kuita wageni. Jirani alichungulia ukutani akauliza wanapika nini. Wifi alijikuta amemeza mate, ndipo akatapika mpaka nyongo.

Ndani, Bonge akaacha kulia. Fundi alimkimbilia, akampa ziwa, na maziwa yakaja mengi mpaka yakampalia.

Tumbo la fundi lilirudi kama lilivyokuwa. Hakulitazama mara mbili. Picha alizifuta zote.

Mwezi uliofuata Bonge alining'inizwa tena kwenye mzani. Kilo tano na gramu mia nane. Nesi akapiga makofi, akamtoa, akamkabidhi mama yake.

Mshale ukashuka, ukaganda kwenye gramu mia tisa, uzito uleule aliopoteza Bonge.

Nesi akaugonga mzani kwa kidole. Haukusogea. Akaitazama suruali tupu. Mguu mmoja ukatuna polepole. Kisha wa pili.

"Dada," akanong'ona, "mbebe mwanao, utoke."

Kliniki ilinunua mzani mpya. Ule wa zamani bado umetundikwa nyuma ya mlango, unasoma gramu mia tisa, na hakuna nesi aliyekubali kuishusha ile suruali. Kila asubuhi, mfagiaji anakuta tone la mafuta sakafuni chini yake.