Idadi ya Waliorudi Mbinga

Kitambuamfupa kilishusha mikono yake sita, myembamba kama sindano za kufumia, kikaokota mfupa wa paja kutoka kwenye kreti. Kiliuzungusha chini ya mwanga wa buluu, kikaulaza taratibu juu ya kitambaa cheupe, upande wa kushoto. Mifupa hiyo ya watu wa Mbinga ilikuwa imekaa kwenye makumbusho ya ng'ambo miaka mia moja na themanini, imechanganywa kama kuni.

"Arobaini na sita," mashine ikasema.

Mhandisi Oresta Kapinga akaandika. Nje ya ukumbi wachimbaji walisubiri idadi hiyo, maana watu wa Mbinga walikwisha kukubaliana: kila marehemu na kaburi lake, asizikwe mtu kwa kurundikwa.

Bibi Skolastika Ndunguru, aliyekuja kupokea wa kwao, akasogea. "Mwanangu, mbona mnahesabu mapaja? Hata kuku tunamhesabu kwa kichwa."

"Vichwa havikurudi, Bibi. Na dawa walizopaka huko ziliharibu vinasaba. Lakini kila mtu ana paja moja la kushoto. Hayo ndiyo mengi kuliko mifupa mingine yote, basi watu ni arobaini na sita."

"Kila mtu?" Bibi akaketi polepole. "Babu wa bibi yangu, Mzee Kinunda, alinaswa na mtego wa chui akiwa kijana. Mguu wa kushoto wakaukata hapa juu kabisa." Akagusa nyonga yake. "Wageni walimchukua na gongo lake la kutembelea. Mashine yako imemweka wapi?"

Oresta akaigeukia mashine. Miaka tisa aliiunda mashine ile, na swali hilo hakuwahi kuiuliza.

"Kila paja la kulia," akaiamuru, "litafutiwe mwenzake."

Yalikuwa thelathini na tisa. Mashine ilipima urefu, unene, hata alama zilizoachwa na misuli. Thelathini na nane yakapata wenzake. Moja, nene kama la mtu aliyebeba mwili wote upande mmoja, likabaki peke yake.

"Ndiye?" Bibi akanong'ona.

"Sina hakika, Bibi. Huenda la kushoto lilipotea njiani. Ninachojua ni kwamba huyu ni mtu, na nilikuwa namwacha nje."

"Na wale ambao hawakubakiza paja hata moja?"

Oresta akainamisha kichwa. "Hao siwezi kuwahesabu."

Bibi akainuka, akaenda mlangoni. "Arobaini na saba," akawaambia wachimbaji. "Na mkimaliza, majembe msiyarudishe nyumbani; wapo ambao hawajahesabiwa."