Kengele ya Saa Moja

Saa moja kamili jioni simu ya Bibi ililia, na nyoka wa mchezo aliokuwa akiucheza Chiriku akatoweka kwenye kioo.

"Aa! Zilibaki pointi tatu tu!" Chiriku akasonya. Pointi tatu zaidi, angevunja rekodi ya kaka yake.

"Lete dawa, mke mwenzangu," Bibi alimwita mjukuu wake kutoka kwenye cherehani. "Mume wetu ameshaita."

"Mume" ndiyo hiyo simu: ndogo, ya batani, namba tano imefutika kwa kubonyezwa. Chaji yake ilidumu siku sita. Umeme ukikatika, tochi yake ilimsaidia Bibi kutunga uzi kwenye sindano. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kengele ya saa moja. Ikilia, Bibi anameza kidonge cha presha. Isipolia, anashona.

Bibi alimeza, akarudi kwenye sare za shule alizokuwa akishona. Chiriku akaingia kwenye menyu, akaizima kengele ili kesho nyoka wake asikatizwe. Alipanga kumkumbusha Bibi kwa mdomo. Kesho yake alicheza mpaka akaitwa kula, akasahau. Siku zilizofuata ilikuwa hivyohivyo.

Siku ya tano asubuhi alimsindikiza Bibi kliniki. Muuguzi alimfunga Bibi kitambaa cha kipimo mkononi, akasoma, akapima tena.

"Mia na themanini kwa mia na tano. Mama, dawa unameza?"

"Kila ikilia, nesi. Sijawahi kuiruka."

"Basi haikutoshi. Nitampelekea daktari karatasi hii akuongezee dozi."

Chiriku aliitazama simu ya Bibi. Akisema, hataishika tena simu ile. Akinyamaza, Bibi atapewa dawa kali asiyoihitaji. Muuguzi alikuwa ameshainuka na karatasi.

"Nesi, ngoja! Kengele ya dawa haijalia. Niliizima mimi. Siku nne."

Bibi akageuka. "Uliizima? Kwa nini?"

"Nyoka, Bibi. Alikuwa anakatizwa na kengele."

Muuguzi aliomba kopo la dawa, akamwaga vidonge kwenye trei na kuvihesabu. Vilizidi idadi iliyotakiwa kubaki kwa vinne kamili. Akaketi.

"Sikiliza, mwanangu. Dawa isiyofaa na dawa isiyomezwa, kwenye mashine yangu zinaonekana sawa. Anayeweza kunionyesha tofauti ni mtu anayesema ukweli. Umekosea siku nne, lakini leo umesema kabla dozi haijabadilishwa. Siku nyingine usingoje mpaka ufike hapa."

"Nisamehe, Bibi," alisema Chiriku, machozi yakimlengalenga.

"Jina lote hilo la Chiriku, halafu unaninyamazia siku nne!" Bibi alimvuta, akamfuta uso kwa ncha ya kanga. "Shika simu. Irudishe mwenyewe, nikuone."

Chiriku alibonyeza menyu, kisha kengele, kisha saa moja jioni, kila siku. Muuguzi alitazama kioo, akawaambia warudi baada ya wiki mbili.

Kila jioni simu ililia. Chiriku aliuacha mchezo, akaleta maji na kopo, akasimama mpaka Bibi ameze.

Baada ya wiki mbili kipimo kilisoma mia na thelathini na nne kwa themanini na sita. Muuguzi aliandika kwenye kadi: dozi ileile.