Miali Minne Dirishani

Kulipokucha, Msumeno alichemsha maji ya chai, kisha akagusa mikono ya mjukuu wake. Ilikuwa ya baridi.

"Umemfunika?" alimwuliza binti yake.

"Blanketi mbili, baba. Upepo unaingia tu."

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake. Nesi alipowaruhusu alisisitiza neno moja: joto. Akipoa, atarudi hospitali, na safari hii huenda asitoke.

Msumeno alilikazia macho dirisha. Lilikuwa refu, la mbao, la zamani kuliko yeye. Kioo chake kilikuwa kimoja, chembamba. Upepo ukivuma, kilitetemeka kama meno ya mgonjwa. Chini ya dirisha hilo hilo mkewe aliugua kifua, msimu wa baridi uliopita. Alikohoa mpaka akanyamaza.

Kabla ya hapo mzee alikwenda ofisi ya majengo kuomba ruhusa ya kubadilisha madirisha. Karani hakuinua hata uso. "Nyumba ya kale hiyo. Hairuhusiwi. Sheria ni msumeno, mzee."

Baada ya mazishi, mzee akajiita Msumeno, na jina likamganda. "Kama sheria inakata," alisema, "na mimi nakata."

Safari hii hakuomba mtu. Aliuza cherehani ya marehemu, akanunua dirisha la alumini lenye kioo kinene cheusi. Muuzaji aliapa kwamba baridi haipenyi hapo. Sasa lilikuwa limeegemea ukutani. Nje wingu zito lilikuwa likishuka. Msumeno akachukua mtaimbo, akauchomeka kwenye fremu ya kale.

Mbao ikalia: kraa!

"Shemeji! Weka chini hicho chuma!"

Aliyepiga kelele barabarani alikuwa jirani yao, fundi wa vioo. Watu walimwita Mama Vioo. Yeye na marehemu waliitana dada, kwa hiyo Msumeno alikuwa shemeji yake, wa kutaniwa na kugombezwa. Mama Vioo akapanda ngazi akihema.

"Usinizuie," Msumeno alisema. "Walinizuia, dada yako akafa. Huyu naye wanamtaka?"

"Mimi siyo ofisi. Dirisha lako umelipima?"

Msumeno akaligeukia dirisha jipya. Alikuwa amelikadiria kwa macho tu.

"Ukishang'oa, na hilo likakataa kuenea, mtoto atalala mbele ya tundu. Lete kiberiti. Binti, vuta pazia."

Chumba kikaingia giza kidogo. Mama Vioo akawasha njiti mbele ya kioo kipya. "Tazama ndani. Unaona miali mingapi?"

"Miwili. Imebanana."

"Kila kioo kina nyuso mbili, ya mbele na ya nyuma. Kila uso unaonyesha mwali wake. Kwa hiyo hiki ni kioo kimoja. Vingekuwa viwili, ungeona miali minne. Na kama kimojawapo kina utando wa kurudisha joto ndani, mwali mmoja ungekuwa na rangi tofauti na wenzake. Shemeji, umeuziwa miwani ya jua!"

Binti alicheka. Akauona uso wa baba yake, akaacha.

"Lakini ni kinene," Msumeno alinung'unika.

"Unene si joto. Shati moja la turubai na mashati mawili mepesi, utavaa yapi kwenye baridi?"

"Mawili."

"Basi! Hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayokukinga. Dirisha zuri la nyumba mpya lina vioo viwili, katikati hewa kavu, kingo zimezibwa kabisa. Kingo zikivuja, ukungu unaingia mahali usipoweza kufuta. Na fremu uiangalie. Alumini tupu hupitisha joto, kama kijiko cha chai kinavyokuchoma vidole. Ndani yake iwe na plastiki ya kukata njia ya joto."

"Hayo ya nyumba mpya. Sisi wa nyumba kuukuu tufe?"

"Wewe huhitaji kung'oa kitu. Upande wa ndani, upana wa kiganja kutoka dirisha la kale, tunafunga la pili. La mbao nyepesi, kioo chake kina utando, kingo zake zina mpira. La kale tunaliacha lipumue kidogo, ukungu usikwame katikati. Ukitaka hewa, unayafungua yote. Nje nyumba haibadiliki. Nimefunga mengi mtaa wa nyuma, na ofisi iliruhusu."

"Iliruhusu?" Sauti ya Msumeno ilikatika. "Tangu lini?"

"Miaka mingi."

"Karani aliniambia hairuhusiwi, basi. Angeongeza neno moja tu, mke wangu..."

Mtaimbo ukaanguka sakafuni. Mama Vioo hakumtetea karani.

Matone ya kwanza yakagonga kioo. Mtoto alilia, sauti ndogo kama ya paka.

"Niingize jiko la mkaa," Msumeno alisema.

"Usithubutu! Mkaa una sumu isiyonusika. Mtalala, msiamke. Binti, mweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ujifunike naye. Shemeji, shika nyundo!"

Walipigilia vipande vya mbao vikawa fremu, wakavuta juu yake nailoni nyeupe inayopitisha mwanga. Mvua ilipochachamaa, fremu hiyo ya muda ilikuwa tayari imebana dirishani kwa ndani. Msumeno akapitisha kiganja pembeni. Hakuna upepo. Alikaa karibu na mtoto, akigusa vidole vyake mara kwa mara, mpaka vikapata joto.

Kisha waliomba ruhusa, wakaipata, na Mama Vioo akafunga dirisha la kweli. Msumeno mwenyewe ndiye aliyewasha kiberiti. Miali minne. Mmoja mwekundu.

Mtoto alinenepa. Siku moja babu yake akambeba mpaka ofisi ya majengo, wakaketi kwenye benchi. Mbele yao mama mmoja aliuliza kuhusu madirisha ya nyumba yake ya kale.

"Hairuhusiwi," karani alijibu, kichwa chini.

"Malizia, mwanangu," Msumeno alisema kutoka kwenye benchi. "Kung'oa hairuhusiwi. Na kinachoruhusiwa?"

Karani akainua uso. Alimwona mzee, akamwona na mtoto.

"Kwa ndani," alisema polepole. "Dirisha la pili, kwa ndani. Hilo linaruhusiwa."

"Haya," Msumeno alisema, akimfunika mjukuu miguu. "Neno lenyewe ndilo hilo."